Maswali ya Wasomaji: Mpaka ukifungwa Kasumulu, kwa nini mkungu wa Tukuyu unaharibika?

Mwezi huu tumechagua barua tatu kutoka Nyanda za Juu Kusini. Ya kwanza imeandikwa na mfanyabiashara wa ndizi, ya pili na kijana aliyekuwa katika utafiti wa mbegu, na ya tatu na mkulima wa parachichi. Kila mmoja anauliza kwa namna yake ni vipi karatasi iliyotiwa saini mbali hufika hadi shambani kwake. Majina yao tumeyahifadhi.

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Mimi hununua ndizi Kiwira na Tukuyu na kuzivusha kwenda Malawi, na kazi hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wangu wanne. Mwaka 2025 fuso tuliyoikodi watu watatu ilikwama Kasumulu kwa sababu Malawi walikuwa wamezuia ndizi zetu. Tulipokata tamaa na kugeuza gari, nusu ya mzigo ilikuwa imeiva na mingine imeanza kuoza. Baadaye nikasikia serikali yetu nayo imezuia mazao yao. Naomba kufahamishwa: nani aliamua, kwa nini hatukuambiwa mapema, na je, ilikuwa sahihi sisi kulipiza? (Mfanyabiashara, Rungwe)

JIBU: Mama, pole sana kwa hasara hiyo, ambayo najua hakuna aliyekulipa. Uamuzi wa kwanza ulitoka Lilongwe. Machi 2025 serikali ya Malawi ilizuia kuingizwa kwa bidhaa kadhaa, zikiwamo unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi, kwa maelezo kwamba inawalinda wazalishaji wake, katika kipindi ambacho nchi hiyo ilikuwa na upungufu mkubwa wa fedha za kigeni. Katikati ya Aprili, Hussein Bashe, aliyekuwa Waziri wetu wa Kilimo, alitoa siku chache za kusubiri majibu. Siku hizo zilipokwisha, Tanzania ikazuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na pia kutoka Afrika Kusini, ambayo ilikuwa haijafungua soko lake kwa ndizi zetu. Zuio letu liliondolewa baada ya siku chache ili kupisha mazungumzo.

Kama tulifanya sawa, maoni yangu ni kwamba jibu lile lilikuwa na haki na lilizaa mazungumzo haraka, kwa sababu Malawi haina bahari, na bandari ya Dar es Salaam pamoja na barabara inayotoka Uyole kushuka Tukuyu hadi Kyela ni miongoni mwa njia zake kuu za kupata bidhaa. Hata hivyo, ng'ambo ya mto Songwe kuna mama mwenzako aliyekuwa na mzigo wake barabarani siku zile, na yeye pia hakuwa ameamua lolote.

Kinachonisikitisha ni kwamba pande zote mbili amri zilitungwa kana kwamba ndizi ni saruji. Mkungu ukishakatwa unaendelea kupumua. Ndizi inapoanza kuiva hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo huamsha uivaji wa ndizi zilizo jirani, kwa hiyo kichane kimoja kilichowahi, kikiwa katikati ya shehena iliyofunikwa turubai, huivisha gari zima. Joto huongeza kasi ya jambo hilo, nawe unajua tofauti ya hewa ya Tukuyu, ambako asubuhi tunavaa sweta, na ile ya Kasumulu, kule chini karibu na Ziwa Nyasa. Mzigo ambao ungevumilia siku kadhaa kwenye baridi ya Kiwira hauwezi kuvumilia siku hizo hizo pale mpakani. Ndiyo maana naona kila zuio la mazao lingepaswa kuwa na kifungu kinachoruhusu mizigo iliyokwisha kukaguliwa na kuanza safari ipite kwanza. Kifungu hicho hakiigharimu serikali kitu, na wafanyabiashara wa Kasumulu wana haki ya kukidai kupitia halmashauri na wabunge wao.

Upande wa soko la Afrika Kusini, ufunguo wake umo zaidi katika maabara kuliko katika siasa. Nchi inayonunua matunda hutaka kwanza kuona uchambuzi wa wadudu na magonjwa yanayoweza kusafiri na tunda hilo, na kwetu kazi hiyo inaihusu Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Uchambuzi wa namna hiyo unahitaji wataalamu, vifaa na misimu ya kukusanya takwimu mashambani. Serikali isipoutengea fedha leo, waziri atakayekwenda kujadiliana miaka mitano ijayo atakwenda mikono mitupu.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Nina miaka 26 na nina stashahada ya kilimo. Nilikuwa mkusanya takwimu katika majaribio ya maharage wilayani Mbozi, mradi ukiwa na ufadhili wa Marekani. Mapema mwaka 2025 tulipigiwa simu kwamba kazi zote zisimame, wakati maharage yalikuwa yameshika maua. Tuliyaacha shambani, na sijui nani aliyavuna. Kwa nini uamuzi wa huko unafuta kazi ya Mbozi? Na je, nijaribu kwenda nje nikasome na kufanya kazi huko? (Kijana, Mbozi)

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, hasa hapo uliposema hujui nani aliyavuna.

Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump alitia saini agizo la kusimamisha misaada ya maendeleo ya nchi za nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Miradi mingi haikurudi tena, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la misaada la nchi hiyo, USAID, lilikoma kutoa misaada na shughuli zilizobaki zikahamishiwa wizara yao ya mambo ya nje. Mei mwaka huo huo, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani nazo zilitangaza kusitisha utaratibu wa kupitisha fedha mpya za utafiti kwa washirika wa nje kupitia taasisi za Marekani kwenyewe. Kwa mikoa yetu hilo si jambo dogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa watu wazima yalikuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Maswali mengi kuhusu ugonjwa huu yanapaswa kujibiwa hapa hapa, kwa wagonjwa wetu.

Marekani ina haki ya kuamua kuhusu fedha za walipa kodi wake. Ubaya ninaouona ni wa kasi. Niliwahi kumtazama mtafiti akichavusha maharage, na tangu siku hiyo sikuitazama tena bakuli ya maharage kwa jicho lile lile. Alishika tumba la ua lisilozidi ukubwa wa punje ya mchele, kwa sababu maharage hujichavusha lenyewe kabla ua halijafunguka na lazima awahi. Akalifungua kwa kibano, akang'oa vibeba chavua kimoja kimoja, akapaka chavua kutoka mmea mwingine, kisha akafunga uzi wenye kipande cha karatasi kilichoandikwa tarehe. Aliniambia kwamba mengi ya maua anayoyafanyia hivyo hudondoka. Mbegu chache zinazopatikana hupandwa na kuchaguliwa vizazi vitano au sita hadi sifa zitulie, ndipo zijaribiwe kwenye maeneo tofauti, yenye baridi na yenye ukame, kisha zipitie majaribio rasmi yanayosimamiwa na Taasisi ya Udhibiti Ubora wa Mbegu, TOSCI. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miaka minane hadi kumi. Uyole Njano na Uyole 96, ambazo mama zetu huzitaja sokoni kwa majina, zilipita katika njia ya namna hiyo. Msimu mmoja ukiachwa bila takwimu, mtafiti hana namna ya kuurudisha, kwa kuwa mvua ya mwaka ule haitanyesha tena vile vile.

Wala tusiwanyoshee kidole wageni peke yao. Novemba 2018 Wizara yetu ya Kilimo iliagiza majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba, yaliyokuwa yakifanyika Makutupora mkoani Dodoma tangu mwaka 2016, yasimamishwe na mabaki yake yateketezwe, na Januari 2021 serikali ikatangaza kuyafuta. Watu wema walitofautiana kuhusu mbegu zile, na serikali ilikuwa na mamlaka ya kuzikataa. Lakini mtu anaweza kukataa kupanda mbegu na bado akahitaji kujua majaribio yalionyesha nini.

Tiba ya kudumu ni fedha zetu wenyewe. Mwaka 2006 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kila nchi itenge angalau asilimia 1 ya pato lake la taifa kwa utafiti, na hadi leo sisi hatujafika huko. Kwamba serikali inaweza ikiamua, tumeliona kwa macho: bajeti ya Wizara ya Kilimo ilitoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/2022 hadi bilioni 954 mwaka uliofuata, na tarehe 8 Agosti 2022 Rais Samia alizindua mpango wa ruzuku ya mbolea hapa hapa Mbeya, katika viwanja vya John Mwakangale. Ningependa kuona ujasiri ule ule ukielekezwa kwenye mishahara ya vijana wanaohesabu maua ya maharage.

Kuhusu kwenda nje, usiende kwa uchungu, nenda kwa mpango. Njia ya Marekani imekuwa nyembamba: Septemba 2025 serikali yake iliweka ada ya Dola 100,000 ambayo mwajiri hulipa kwa maombi mapya ya viza ya wataalamu walio nje ya nchi hiyo, na Oktoba Watanzania waliingizwa kwenye orodha ya wanaoweza kudaiwa dhamana ya Dola 5,000 hadi 15,000 kwa viza ya matembezi au biashara. Tazama kwanza shahada ya Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro, kisha vyuo vya kanda hii. Daftari zako za Mbozi zihifadhi vizuri, na kama mkataba unaruhusu, omba kibali cha kuzitumia katika tasnifu yako. Takwimu zilizokusanywa hadi maua bado zina thamani.

SWALI: Nina ekari mbili za parachichi Njombe. Zamani wanunuzi wageni walikuja hadi shambani, sasa nasikia ni kosa. Je, naweza kushtakiwa nikiwauzia? (Mkulima, Njombe)

JIBU: Ndugu yangu, amri iliyotolewa Julai 2025 na Waziri wa Viwanda na Biashara wa wakati huo, Selemani Jafo, inawazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, na kununua mazao shambani ni mojawapo. Mgeni anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, kufungwa hadi miezi sita na kunyang'anywa viza na kibali cha ukaazi. Raia anayemsaidia kuvunja amri hiyo naye ana adhabu yake, hivyo usikubali kutumia jina lako kumfunika mtu, hata akikuahidi bei nzuri.

Amri haimzuii mgeni kununua parachichi zikiwa zimekusanywa na Mtanzania. Naunga mkono lengo lake, maana dalali kijana wa Makambako naye anahitaji riziki. Wasiwasi wangu ni kwamba wanunuzi wakipungua shambani bei nayo hushuka, na parachichi iliyokomaa haiwezi kusubiri kikao. Jiungeni wakulima wa kijiji kimoja, mkusanye mzigo sehemu moja yenye mizani iliyokaguliwa, na mkubaliane bei kabla ya kuchuma hata tunda moja. Afisa ushirika wa halmashauri yenu ana wajibu wa kuwasaidia kujiandikisha, nanyi nendeni kwake mapema, matunda yakiwa bado madogo.