Je, utando wa kipandikizi ni gundi ya mfupa?

SWALI: Mama yangu anatarajiwa kubadilishiwa kiungo cha nyonga. Daktari ametueleza kwamba shina la titani litakaloingizwa ndani ya mfupa wa paja limepakwa utando wa madini ili lishikane na mfupa. Nimesoma kwamba titani hushikana na mfupa yenyewe. Utando huo basi ni wa nini, na je, hauwezi kubanduka?

JIBU: Uliyoyasoma ni kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, alitaka kuvitoa vifaa vya titani alivyovipandikiza katika mifupa ya sungura, akakuta havitoki, kwa kuwa mfupa ulikuwa umekwisha kuvikamata. Titani ikiguswa na hewa hujivika ngozi ya oksidi yenye unene wa nanomita chache tu, nayo mwili huivumilia vizuri.

Utando wa madini, kwa hiyo, si gundi. Kinachoshika ni mfupa wenyewe, na utando huuhimiza ushike mapema. Katika wiki za kwanza shina huwa limebanwa tu ndani ya mfupa, na likichezacheza kwa zaidi ya takriban mikromita 150, umbali usiofikia hata robo ya milimita, badala ya mfupa huota tishu laini ya nyuzinyuzi, mfano wa kovu, na shina likabaki limelegea. Hizo ndizo wiki ambazo utando umewekwa kwa ajili yake.

Madini yanayotumika sana ni haidroksiapatiti, yaani kalisi na fosfati katika umbo linalokaribiana sana na lile linaloupa mfupa ugumu wake. Kiwandani, unga wake hupulizwa kupitia mwali wa plazma (gesi iliyochajiwa umeme, si ile ya damu) wenye joto la maelfu ya nyuzi. Chembe huyeyuka, hugonga chuma, na kutandazika juu yake kama matone ya nta yadondokayo sakafuni. Ndani ya mwili utando huyeyuka polepole na kuachia kalisi na fosfati, protini za damu huugandia, kisha seli zijengazo mfupa hutua juu yake na kuanza kujenga kutokea upande wa chuma, bila kungoja mfupa wa pembeni utambae hadi hapo.

Hofu yako ya kubanduka ina msingi. Udhaifu uko pale madini yanapokutana na chuma, na utando mnene hupasuka upesi zaidi kuliko mwembamba. Kuongeza unene si kuongeza nguvu. Vilevile, sehemu za utando ambazo hazikuwa fuwele, yaani ambazo chembe zake hazikujipanga kwa utaratibu, huyeyuka haraka. Ndiyo maana mimi huujali sana uso wa titani ulio chini ya utando: ukiwa umekwaruzwa kwa chembe ngumu, au una vitundu vidogo ambamo mfupa unaweza kuingia, mfupa utakuwa na pa kushika hata madini yakiisha.

Mwulizeni daktari kuhusu uso huo, na pia ni lini mama ataruhusiwa kuukanyagia mguu huo kwa uzito wake wote.