Ashinda barazani akicheza jahazi, nimwache?

SWALI: Asalaam aleikum, Bi. Mwanangu ana miaka minne. Akitoka chekechea huungana na binamu zake barazani, wakatandika mkeka, wakafunga kanga kwenye mpini wa ufagio iwe tanga, basi hilo ndilo jahazi. Juzi waligombania unahodha mpaka akalia. Tena tangu adungwe sindano, kila siku yeye ni daktari wa kuwadunga wenzake. Babake ataka akalishwe na daftari ajue herufi. Tufanyeje?
Mama wa Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Mwache acheze.

Nianze na sindano, maana hiyo ndiyo iliyonigusa. Siku ile alishikwa, akadungwa, wala hakuulizwa. Barazani yeye ndiye mwenye sindano: ndiye anayeamua nani adungwe na kama itauma. Tega sikio umsikie akiwabembeleza, "Usilie, kidogo tu, nishamaliza." Hofu yake anaitoa hivyo, kidogo kidogo, mbele ya watoto wenziwe wanaomwelewa. Akikudunga wewe, piga ukelele, kisha umwache akupoze. Ila ukiona mchezo unamzidishia hofu, au halali usiku, muone mhudumu wa afya.

Sasa jahazi. Mwanasaikolojia wa Urusi, Lev Vygotsky, alieleza mwaka 1933 kwamba mtoto akiwa mchezoni huwa mkubwa kuliko umri wake. Nami nayaona hayo darasani kila siku. Mtoto asiyetulia kitini hata kidogo, mwambie ni baharia na chombo kitapinduka akisimama: atakaa kitako, miguu yamwasha, na asiinuke. Hakuna aliyemshika. Anajizuia mwenyewe, na kujizuia huko ndiko atakakokuhitaji siku akipandwa na hasira.

Ugomvi wa unahodha usikimbilie kuuamua. Wakipigana, ingia. Wakizozana tu, keti karibu, mtajie kinachomuuma: "Umekasirika kwa sababu ulitaka kushika usukani." Kisha waulize nani ataongoza safari ya kurudi. Wanafunzi wangu huafikiana wenyewe: "Wewe mpaka Manda, halafu mimi mpaka Pate." Mtoto wa miaka minne akisema hivyo, ameshatambua kwamba mwenziwe naye anatamani.

Na babake, mpe kipande cha boksi na kalamu. Awaulize watoto jahazi lao laitwaje, waandike jina pamoja, walibandike ubavuni. Herufi za jina hilo mtoto atazishika upesi. Wakimaliza, babake ashuke awaachie chombo chao.