Mjomba, usiuze shamba la Isyonje

Shikamoo mjomba. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Unasema binti amepata ufadhili wa dola 22,000 Marekani na mnunuzi wa shamba ameshafika. Nakuomba, usipokee hela ya mtu kabla hujasoma haya.

Kwenye ile picha ya barua, tazama chini: gharama ya mwaka mzima ni dola 48,000. Huo ufadhili ni punguzo la ada tu, hakabidhiwi mtu hata senti. Zinabaki 26,000, zaidi ya shilingi milioni 60, na mwakani zinadaiwa tena. Barua yangu ilikuwa hivyohivyo. Mama alichinja kuku, mkaimba. Muhula wa pili nikazuiwa kujisajili kwa sababu ya deni, nikawa nalala sakafuni kwa rafiki huku nawaambia naendelea vizuri. Niliwadanganya, mjomba. Shamba la baba lilikuwa limeshauzwa, ningesemaje?

Ruzuku ya serikali yao, ile Pell, haimhusu mwenye viza ya mwanafunzi, wala mikopo ya serikali. Benki nazo mara nyingi hutaka mdhamini aliye raia au mkaazi wa kudumu. Mimi si mmoja wao, usinihesabu. Aliyekwambia kuna bumu, yaani hela ya kujikimu, kama la Bodi ya Mikopo ya huko nyumbani, amekupoteza. Kazi ni ya chuoni, mwisho saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Nilisugua masufuria jikoni mpaka vidole vikachubuka, kalamu nikawa naishika kwa kitambaa. Hela ile ilinilisha. Ada haikuigusa.

Asije? Aje, kichwa anacho! Ila aombe vyuo kama Amherst, Yale au MIT, ambavyo havimkatai hata mgeni kwa umaskini wake, na akichaguliwa hufidia pale familia inaposhindwa. Kupenya ni kugumu mno. La sivyo asome hapo MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kwa mkopo wa Bodi. Najua akiajiriwa watamkata asilimia 15 ya mshahara, inauma, lakini viazi vyenu mtaendelea kuvuna. Baadaye aombe shahada ya uzamivu huku. Kwenye sayansi wengi hulipiwa ada na kupewa posho kwa kufundisha au kufanya utafiti.

Huyo wakala wa vyuo aandike kwa mkono wake nani atalipa mwaka wa pili. Nitumie ukurasa uliobaki wa barua leo, nitakupigia nikitoka zamu.