Harufu ya kuungua kwenye WRX

Pole kaka, umeuliza kwa nini WRX yako, hiyo Subaru uliyonunua ikiwa imeshatumika, inanuka kuungua ukisimama foleni ya Ubungo. Mimi naanzia kwenye oili. Injini ya Subaru imelala, silinda zinatazama pembeni, kwa hiyo gasketi ya tapeti kava (kizibo cha mfuniko wa vali ulio pembeni mwa injini) ikichoka, oili inadondokea ekzosi ya moto. Acha ipoe, ingia chini na tochi: utaona weusi unaong'aa ukingoni mwa kava, vumbi limegandia. Muuzaji akiwa ameosha injini, siku za kwanza huoni kitu. Kama pakavu na inanuka ukiondoka kwenye mlima, shuku klachi. Ila ikinuka plastiki, tafadhali usiwashe tena, chomoa waya wa betri uite fundi umeme hapo hapo.