Geji ya mafuta ya pikipiki ikidanganya, anzia kwenye tenki

Mshale wa mafuta ukianza kusema uongo, wengi hukimbilia kununua geji mpya. Mara nyingi hiyo ni pesa ya kutupa. Geji ya dashibodi haifi ovyo. Kinachochoka ni sensa iliyo ndani ya tenki, yaani kipimo chenye mkono na boya linaloelea juu ya mafuta, au waya na soketi zake.

Kwanza hakikisha ubovu upo kweli. Pikipiki ikiegemea stendi ya pembeni, mafuta hukimbilia upande mmoja, kwa hiyo soma geji ikiwa wima, mahali tambarare. Halafu kuna umbo la tenki: juu ni pana, chini ni jembamba kwa sababu limekalia fremu. Ndiyo maana mshale hukaa juu muda mrefu, kisha ukipita nusu unaporomoka. Huo si ugonjwa, na hakuna fundi atakayeutibu.

Kama taa nyingine za dashibodi nazo zimezima, angalia fyuzi kabla ya kufungua chochote. Kama zinawaka, tafuta soketi ya sensa chini ya tenki na uichomoe. Washa swichi. Kwenye pikipiki nyingi za Kijapani mshale utalala kwenye sifuri. Sasa unganisha nyaya mbili za upande wa geji kwa rezista (kipande kidogo cha kuzuia mkondo wa umeme) ya ohm 10, yaani kipimo cha ukinzani, yenye uwezo wa wati 5. Mshale unapaswa kupanda hadi karibu na kujaa. Ukipanda, geji na nyaya ni nzima, sensa ndiyo mbovu. Usipopanda, fuata waya hadi uone ulipokatika au ulipopata kutu, hasa ule wa erthi, unaorudisha umeme kwenye fremu. Erthi yenye kutu huongeza ukinzani, na geji ya aina hii hutafsiri ukinzani mkubwa kuwa mafuta machache. Geji za kidijitali zisijaribiwe hivi bila kusoma kitabu cha pikipiki husika.

Kutoa sensa ni kazi ya nje, penye hewa, mbali na moto wowote. Toa waya hasi wa betri, funga koki, shusha tenki na umimine petroli yote. Sensa hushikwa na nati chache, kwa kawaida za spana namba 10. Itoe kwa kuizungusha taratibu. Ukiivuta kwa nguvu mkono wa boya utapinda, nawe utakuwa umejiongezea ubovu wa pili.

Tikisa boya karibu na sikio. Ukisikia kimiminika kikicheza ndani, limetoboka na linazama. Badilisha, usihangaike na gundi. Kisha weka multimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye ohm na upandishe mkono polepole kutoka chini hadi juu. Sensa nyingi za aina hii huanza karibu na ohm 90 hadi 100 chini na kuishia karibu na 5 hadi 10 juu, ingawa zipo zinazokwenda kinyume, kwa hiyo vipimo vya kitabu chako ndivyo vya kuamini. La muhimu ni namba zishuke (au zipande, kwa zile za kinyume) bila kuruka. Zikiruka au zikipotea katikati, njia ya umeme ndani ya sensa imechafuka au imelika. Nyunyizia dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, chezesha mkono mara kadhaa, pima tena. Msasa usiuguse: utakwangua nyuzi nyembamba za ndani, na hapo hakuna kurudi nyuma.

Namba zikiwa safi lakini geji inasoma pungufu kila mara, mkono umepinda. Hapa wengi huunyoosha upande usio sahihi. Ili geji isome juu zaidi, pinda waya wa mkono ili boya likae chini zaidi. Mafuta yale yale yatausukuma mkono juu zaidi. Pinda milimita chache tu, na uhakikishe boya haligusi ukuta wa tenki.

Weka gasketi mpya, kaza nati kwa kupishana. Mimina lita 2 kwanza, subiri dakika 10, na upitishe kidole kuzunguka sensa. Pakiwa pakavu, endelea lita moja moja ukiandika mshale unapofika. Karatasi hiyo itakufaa kuliko alama za kiwandani.