KITI CHA NYUMA: Umesinzia Kabla Gabbar Hajatokea

Shikamoo Anko. Kila mara unaisifu Sholay. Nimeitafuta, nimeitazama kwenye simu, nikapitiwa na usingizi kabla hata adui hajaonekana. Kwa nini mnatulazimisha kupenda picha za wazee? – Msomaji, Morogoro

Marahaba mwanangu. Tuanze na hiyo simu. Picha ile ilitoka India mwaka 1975, ikaonyeshwa kwa mkanda wa milimita 70, ili farasi na majabali yajaze ukuta mzima wa ukumbi. Wewe umeibana kwenye kiganja, kisha unailaumu yenyewe!

Halafu umesinzia pabaya. Gabbar Singh, yule jambazi adui, anachukua karibu saa nzima kutokea, na kule kukawia ndiko kunakomkuza. Anapofika, kwanza unaona buti na mkanda wa risasi unaoburuzwa juu ya mwamba. Hana haraka. Anawauliza vijana wake walikuwa watu wangapi waliowafukuza kijijini, na ukumbi mzima unajua kwamba jibu lolote watakalotoa ni baya. Amjad Khan, aliyemwigiza, hakuwa na jina kubwa wakati huo. Alipotoka hapo, watoto wa mtaani kwetu waligombea kuwa Gabbar, nafasi ya stelingi ikakosa mtu.

Ninachokipenda zaidi hakina hata neno moja. Familia ya Thakur, polisi aliyewahi kumkamata Gabbar, inapouawa, pembea inaendelea kulia kwiii, kwiii. Anabaki mtoto mmoja mdogo amesimama mbele ya Gabbar. Bunduki inainuliwa, na papo hapo mlio wake unageuka mngurumo wa treni inayomleta Thakur nyumbani. Mtoto hatumwoni akipigwa. Mkurugenzi Ramesh Sippy alijua kwamba hilo tutajionyesha wenyewe.

Na ile shali! Kuna mapigano kijijini, bunduki iko miguuni pa Thakur, Veeru, mmoja wa vijana wawili aliowakodi kumkamata Gabbar, anamtazama aitupe, naye amesimama tu. Unamchukia. Baadaye ndipo unaelewa kwa nini hakuinama, maana shali ilikuwa inaficha mabega yasiyo na mikono.

Tulikua tukiambiwa stelingi hafi. Hapa Jai, mwenzake Veeru, yaani Amitabh Bachchan, anakufa, na Veeru anagundua kwamba ile sarafu waliyokuwa wakiirusha kuamua mambo ina sura moja pande zote mbili. (Aliyechelewa miaka 50 asiseme nimemharibia.)

Sikuambii kila kitu ni kitamu. Kile kichekesho cha bwana jela kingekatwa nusu nisingelalamika. Hata mwisho tuliouona sisi ulinikera: Thakur yuko tayari kummaliza Gabbar, mara polisi wanaingia kumkumbusha sheria. Mwisho wa kwanza, ambao Thakur anamuua kwa viatu vyenye misumari, ulikataliwa na wakaguzi wa filamu enzi za hali ya hatari ya waziri mkuu Indira Gandhi. Mwaka 2025 picha ilisafishwa upya ikaonyeshwa Bologna, Italia, na mwisho huo ukiwa umerudishwa. Huo ndio utafute.

Basi sema ukweli, hakuna picha mpya ya Kihindi uliyoipenda? – Huyohuyo wa Morogoro

RRR, ya mwaka 2022. Nayo inapita saa tatu, na sijasikia kijana akilalamikia urefu wake! Ile ngoma ya Naatu Naatu, iliyopigwa picha mbele ya kasri moja la Kyiv, ilinitoa kitini. Lakini wale maadui Waingereza, gavana na mkewe, ni ubaya mtupu tangu dakika ya kwanza. Hawakuniogopesha hata kidogo.

Anko, kwenye kibanda umiza chetu picha zote zina DJ anayetafsiri. Babangu anasema ni kuharibu picha. – Msomaji, Mwanza

Mwambie baba apunguze ukali. Picha ya ngumi ikipata DJ hodari inakuwa tamu maradufu, kwani anampa adui jina la mtaani, anamsuta stelingi, watu wanavunjika mbavu. Ila ziko picha ambazo DJ anyamaze au akanywe chai. Once Upon a Time in the West, ya Sergio Leone, 1968, inaanza na majambazi watatu wanaosubiri treni. Kwa dakika nyingi hakuna maongezi ya maana. Kuna kinu cha upepo kinacholia, matone ya maji yanayoangukia kofia, na nzi anayemsumbua mmoja wao usoni. DJ akianza kueleza hapo, ameua.

Vuta N'kuvute: kitabu au picha? – Msomaji, Unguja

Kitabu cha Adam Shafi, bila kusita. Picha ya Amil Shivji ya mwaka 2021 ina macho mazuri sana. Vile vichochoro na vile vivuli vya Unguja ya miaka ya 1950 nimevitazama mara nyingi. Lakini kitabuni watu wanapiga soga, wanataniana, wanalewa, wanaimba, na siasa inapita katikati ya vicheko. Kwenye picha wapenzi wawili, Yasmin na Denge, wanatazamana mno kwa huzuni. Anayenirudishia uhai wa kitabu ni Mwajuma, anayeigizwa na Siti Amina. Kila akitokea najisogeza mbele, na akiondoka natamani kamera imfuate yeye, iwaache wale wapenzi na huzuni yao.