Usiku wa Ijumaa si Ijumaa usiku: kwa wewe unayekuja kufanya kazi za matamasha Unguja

Nilishuka bandarini Malindi mwaka 2009 nikitokea Morogoro, begi moja mkononi, nikiamini kazi za matamasha ni jukwaa, spika na tiketi basi. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa ndogo. Hoteli moja ya Mji Mkongwe ilitaka kikundi cha kidumbaki, ile taarab ya vyombo vichache, kutoka shamba kiwapigie wageni Ijumaa, saa mbili usiku. Nikampigia simu kiongozi wao, mzee mpiga fidla, nikamwambia tunakutarajieni usiku wa Ijumaa. Akasema inshallah.

Alhamisi nimekaa barazani na bakuli la urojo, simu ikalia. Watu kumi na wawili wako mlangoni mwa hoteli na fidla, sanduku, vidumbaki viwili, cherewa na mkwasa, mashati ya sare yamepigwa pasi. Wageni wenyewe hawajafika hata kisiwani. Nikakimbia, nikamwamkia mzee, nikaanza kumweleza kwamba amekosea siku. Akaniacha nimalize.

"Mwanangu, sie tumeambiwa usiku wa Ijumaa. Huu hapa ndio wenyewe. Au Ijumaa yenu nyie huanza lini?"

Alikuwa sahihi. Huku siku huanza jua likizama, usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata Alhamisi, na ile niliyokuwa naitaka mimi ni Ijumaa usiku, yaani usiku wa Jumamosi. Nilikuwa nikizungumza Kiswahili tangu kuzaliwa, nikaja kufeli mtihani wa Kiswahili mlangoni mwa hoteli. Gari ikabidi ije mara mbili, na nauli ya mara ya kwanza ikakatwa kwenye malipo yangu. Iliyobaki ilinitosha chipsi.

Nakusimulia haya kwanza kwa sababu vijana wengi wanaonijia wakitaka kujifunza kazi hii huniuliza habari za mitambo ya sauti. Mitambo utafundishwa ndani ya wiki. Kinachochukua miaka ni tarehe. Mji huu una kalenda zaidi ya moja, zote zinafanya kazi kwa wakati mmoja, na hakuna hata moja inayoisubiri nyenzake.

Kuna ile ya ofisini, ya Januari mpaka Desemba. Kwa hiyo utaadhimisha Mapinduzi tarehe 12 Januari, na wiki zile mji wote uko kwenye mpira wa Kombe la Mapinduzi, kwa hiyo usitegemee kupata uwanja wala gari la kukodi kwa bei ya kawaida. Februari kuna Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza 2004, na Julai, kwa kawaida, ndio msimu wa tamasha la filamu, ZIFF, Tamasha la Nchi za Jahazi, linalofanyika tangu 1998. Yote mawili moyo wake umekuwa Ngome Kongwe, ile boma waliyoijenga Waomani baada ya kumfukuza Mreno, ikitazamana na Forodhani. Hizi ndizo ajira watu wanazozifuata wakivuka bahari.

Ipo ya pili, ya mwezi. Hii ndiyo itakayokutoa jasho. Mwaka wake ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 10 au 11, kwa hiyo Ramadhani haikai mahali. Miaka ya 2013 hadi 2015 ilikuwa imekalia kati ya Juni na Agosti, tamasha la filamu likawa linasogezwa huku na kule kuipisha. Sasa imerudi nyuma mpaka Februari, iko mlangoni mwa Busara. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena Desemba. Mtu akikuletea mpango wa tamasha la miaka mitano mbele, swali lako la kwanza liwe hilo, kabla ya bajeti. Mwezi wa Ramadhani muziki hadharani hakuna, migahawa mingi hufungwa mchana, na mji unaanza kuchangamka baada ya futari. Si mwezi wa kulalamika kwamba mafundi wako wamechoka saa tisa alasiri. Wamefunga.

Na usidhani kupiga hesabu kunatosha. Mwaka mmoja niliandaa hafla ya familia kwa Iddi pili, nimeshalipia viti, mahema na mpishi wa biriani. Usiku ule mwezi haukuandama. Nikasema sawa, tunasogeza siku moja. Kumbe nusu ya waalikwa walishaanza kusherehekea kwa kufuata mwezi ulioandama nje ya nchi, nusu bado wamefunga. Mpishi mwenyewe alikuwa amefunga, baba mwenye shughuli hakufunga. Tangu siku ile mkataba wangu na watu wa mahema una mstari unaosema "au siku inayofuata", na wao wameuzoea. Hakuna anayeongeza bei. Ujue pia Iddi huku huenda siku nne: mosi, pili, tatu, nne. Watoto na nguo zao mpya wanajaa Mnazi Mmoja na Kariakoo ya huku, na ukiweka onyesho lako la kulipia jioni hizo utacheza na viti.

Jifunze majina ya miezi kama wazee wanavyoihesabu, kuanzia Ramadhani ilipoisha: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, hivyo hivyo. Mzee akikwambia "tukutane Mfungo Sita" anakusudia mwezi wa Maulidi, na mwezi huo makundi ya maulidi ya homu, yale ya kuimba kwa dufu huku wakiyumba kwa safu, huwa yana mialiko mingi, huyapati. Mfungo Nne ni Muharamu. Siku kumi za mwanzo, ndugu zetu Ithnaasharia, yaani Mashia, wa Mji Mkongwe wako kwenye msiba wa Imamu Hussein, bendera nyeusi zinatundikwa, na usiku kuna maandamano ya maombolezo vichochoroni. Niliwahi kumwona kijana mgeni, mwanafunzi wangu huyo, amepanga beni, ngoma ya matarumbeta, lipite kichochoro kilekile usiku uleule. Tulimwahi.

Diwali nayo hutembea na mwezi, ila kwa hesabu nyingine kabisa, na inabaki kati ya Oktoba na Novemba. Siku hizo utaona taa kwenye nyumba za Wahindu upande wa Hurumzi. Krismasi na Pasaka utazijua mwenyewe, kengele za makanisa ya Minara Miwili na Mkunazini zitakukumbusha.

Halafu kuna kalenda ya tatu, ambayo watu wa bara hatukuletewa kabisa: nairuzi, mwaka wa jua wa Kishirazi unaohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Wakulima na wavuvi wameutumia kujua mvua na pepo. Kichwa chake ni Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kusini kabisa mwa kisiwa, mwezi wa Julai. Wanaume wanapigana kwa mashina ya migomba, kila mtu anatoa kinyongo cha mwaka mzima, kibanda kinachomwa moto, wanawake wanapita wakiimba na kusemana. Wageni wa hoteli watakuomba uwapeleke. Wapeleke, lakini kumbuka hilo si onyesho na wala wewe si mwandaaji wake. Ni mwaka wa watu. Hakuna "rudieni kidogo, mgeni hakupata picha". Mabega na magoti yafunikwe, khanga mbili za akiba ziwe ndani ya gari, na wenyeji wakikukaribisheni chakula mkae mle. Kwao kukosa mgeni siku ile ni mkosi.

Juu ya kalenda zote hizo kuna upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba, hali kavu, boti za kutoka Dar zinateleza. Februari haikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Ikifika Machi mwishoni masika inaanza, hoteli nyingi za ufukweni hufunga Aprili na Mei, na mikataba ya vibarua huisha. Pesa ya Februari ndiyo itakulisha mpaka Juni. Wenzangu wengi wamerudi bara kwa nauli ya kukopa si kwa sababu kazi ilikosekana, ila waliitumia Busara kama mshahara wa mwezi mmoja. Na tamasha lenyewe linaweza lisiwepo: mwaka 2016 Busara haikufanyika kwa kukosa fedha, ikarudi 2017. Uwe na kitu kingine pembeni, hata kuuza maji.

Mengine nayataja haraka. Andika muda kwa njia tatu kwenye kila karatasi, kwa mfano "Alhamisi, baada ya Isha, saa 2:30 usiku, 20:30", kwa sababu mwanamuziki aliyetoka Dakar akisoma "saa 2" atakuja kujaribu sauti saa nane mchana. Adhana ikianza, spika zinazimwa, huulizi; misikiti imeizunguka Ngome, kwa hiyo Magharibi iingize kwenye ratiba kama onyesho mojawapo. Kibali cha Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni ukipate mapema, kisha uende kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, hata kama karatasi haikutaji hilo. Nenda mwenyewe, salimia, kaa, usitume ujumbe wa simu. Gari haliingii vichochoroni, kwa hiyo mahamali, yaani wapagazi, na mikokoteni wakodi tangu jana yake. Malipo yako ya kujitolea, kama ni posho, yaandikwe kiasi gani na lini.

Umeme ninauweka peke yake. Unatoka bara kwa waya wa chini ya bahari. Desemba 2009, mimi nina miezi tu kisiwani, ulikatika ukarudi Machi 2010. Miezi mitatu. Busara ya Februari ile ilipigwa kwa majenereta, mji mweusi pande zote, na Ngome inawaka kama meli. Tangu hapo siamini soketi ya ukuta. Ukiniona kazini na dumu la dizeli, usinicheke.

Unapokwama, usiende kwa mwandaaji mwenzako, nenda kwa wazee wa vikundi. Ikhwani Safaa wanapiga taarab tangu 1905. Kikundi kilichopita kwenye masultani, ukoloni na Mapinduzi kinajua namna ya kupanga shughuli isigongane na kitu. Shikamoo yako itangulie, na swali lako liwe fupi: siku hii, kwa hesabu zenu, kuna nini?

Yule mzee wa fidla nafanya naye kazi mpaka leo. Kila nikimpa kazi ya mwisho wa wiki, hata tukiandikiana tarehe na yeye akaisoma mbele yangu, Alhamisi baada ya alasiri simu italia.

"Mwanangu, sie tumeshavaa. Tupande gari, au bado Ijumaa yenu haijaanza?"